Kufuatilia mlipuko wa virusi mtaa kwa mtaa jijini Tanga: mwongozo kamili

Namba za taifa zinapotangazwa, mlipuko wa mtaani kwenu umeshasonga mbele. Mtu aliambukizwa, virusi vikakaa mwilini siku kadhaa bila dalili. Homa ikaanza, akajifukiza na kunywa tangawizi na ndimu siku tatu, akapita duka la dawa, ndipo akafika zahanati. Sampuli ikasafiri, jibu likarudi, likajumlishwa na mengine. Kwa virusi kama vya UVIKO-19 safari hiyo hula siku kumi hadi wiki mbili, hata pale ambapo hakuna aliyezembea.

Mwongozo huu ni wa kufupisha safari hiyo kwa upande wa mtaa. Umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watendaji wa mitaa, walimu na kamati za zahanati wa Tanga mjini, ingawa mtu wa Pangani au Muheza ataona mengi yanayomhusu. Kiungo cha kazi yote ni tarehe moja: siku mgonjwa alipoanza kuugua. Si siku aliyopimwa wala siku jibu liliporudi. Ukiipata tarehe hiyo kwa usahihi, hata daftari la shule litakuonyesha mlipuko unaelekea wapi. Ukiikosa, hakuna kompyuta itakayokuokoa.

Tunazungumzia virusi vinavyoenea kwa hewa na mate, yaani aina ya UVIKO-19 na mafua makali. Kwa Marburg au Ebola usitumie utaratibu huu. Huko ukimhisi mtu mmoja tu humgusi, unakaa mbali, unampigia mganga mfawidhi au namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, na kazi yako imeishia hapo.

KABLA YA KUMWANDIKA MTU YEYOTE

Anza kwa mtendaji wa kata, naye awafikishe kwa Mganga Mkuu wa Jiji na mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa. Hii si adabu ya ofisi tu. Kutangaza mlipuko ni kazi ya serikali, na kikundi kinachohesabu wagonjwa bila kujulikana kitaonekana cha wachochezi siku ya kwanza mtu atakaporusha namba kwenye kundi la WhatsApp. Pia daftari lisilo na wa kulipokea ni karatasi tu. Kubalianeni mapema nani anapelekewa taarifa, siku gani, kwa njia gani.

Kisha chagueni eneo dogo. Mtaa mmoja unaofuatiliwa kila siku ni bora kuliko kata nzima inayofuatiliwa pale watu wanapopata nafasi. Ngamiani ni rahisi kwa sababu barabara zake zina namba. Kwingine mtashika misikiti, miembe na maduka. Vibao vya namba za nyumba vilivyowekwa wakati wa operesheni ya Anwani za Makazi, 2022, vinasaidia sana pale vilipobaki ukutani.

Mnahitaji idadi ya watu wa eneo lenu. Sensa ya 2022 iliipa Tanga Jiji takriban watu 393,000, lakini namba hiyo haikusaidii kitu mtaani. Ombeni ya mtaa kwa mtendaji, na isipokuwepo hesabuni kaya kwa mguu siku mbili, mkiuliza waliolala humo jana usiku. Bila idadi hiyo, wagonjwa 12 wa Chumbageni na 12 wa Mabokweni wataonekana sawa, na huenda si sawa hata kidogo.

Timu ya watu wanne inatosha kwa mtaa: wawili wa kutembea, mmoja wa kushika daftari, mmoja wa simu. Mshika daftari awe mmoja, asibadilishwe kila wiki. Vifaa ni hivi:

– kaunta buku moja ya kwaya 3 kwa orodha, na daftari dogo la pembeni la majina;
– daftari la hesabu lenye miraba kwa ajili ya mchoro;
– kalamu za rangi tatu na rula;
– kipimajoto cha kidijitali, spiriti na pamba za kukifutia;
– kipima oksijeni cha kidole, kikipatikana;
– barakoa, sabuni, na mfuko wa plastiki wa kufungia daftari wakati wa masika.

Kipimajoto cha kupiga kwenye paji la uso kinadanganya sana hapa kwetu. Mtu aliyetembea juani kutoka Kange saa saba mchana atasoma homa asiyokuwa nayo, na aliyenawa uso sasa hivi atasoma baridi. Mkalishe kivulini dakika kumi kwanza. Kile cha kwapani hakisumbuliwi na jua kiasi hicho, ila husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo kila namba iandikwe na mahali ilipopimwa.

Kipima oksijeni nacho kina mambo yake. Piko na rangi ya kucha huvuruga mwanga unaopita kidoleni, basi tafuta kidole kisichopakwa, na wote wakiwa wamepakwa, andika hivyo pembeni. Tena vifaa hivi huelekea kusoma juu ya ukweli kwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo mtu anayehema kwa shida asirudishwe nyumbani eti kifaa kimesema asilimia 95. Chini ya 94 apelekwe kituoni, chini ya 90 ni dharura ya kutafutiwa usafiri sasa hivi.

NANI ANAANDIKWA

Andikeni kigezo kimoja cha nani ni mhisiwa, yaani anayedhaniwa kuwa na ugonjwa, mkibandike ndani ya jalada la daftari, na msikibadilishe katikati. Kigezo cha kuanzia kilichotumika miaka mingi kwa magonjwa ya mafua ni homa ya nyuzi 38 au zaidi, pamoja na kikohozi, vilivyoanza ndani ya siku 10 zilizopita. Pale ambapo hakuna kipimajoto, chukueni maelezo ya mgonjwa kwamba mwili ulikuwa wa moto, lakini mweke alama ya kuonyesha haikupimwa.

Kwa nini kikohozi kisiachwe? Kwa sababu Tanga ina homa nyingi. Malaria ipo. Dengue ilitusumbua 2019, sisi na Dar es Salaam, nayo huleta homa kali na maumivu ya viungo bila kikohozi cha maana. Ukihesabu kila mwenye homa, mvua za masika zitakuchorea mlima wa mlipuko usiokuwepo. Kipupwe nacho, Juni hadi Agosti, huleta mafua ya kila mwaka. Ndiyo maana ni vizuri mkaanza kuhesabu kabla ya balaa, mjue mtaa wenu huwa na wagonjwa wangapi wa kawaida kwa wiki.

Wizara ikitangaza dalili nyingine ya ugonjwa mpya, mfano kupoteza harufu kama ilivyokuwa kwa UVIKO-19, ongezeni safu mpya. Msikifute kigezo cha zamani. Mkikibadilisha wiki ya tano, ongezeko mtakaloliona wiki ya sita ni la kalamu, si la virusi. Lazima mbadilishe? Basi pigeni mstari mwekundu kwenye mchoro siku hiyo.

Gaweni makundi matatu: mhisiwa, aliyethibitishwa kwa kipimo, na aliyepimwa akakutwa hana. Wa tatu hafutwi. Watu wengi hufuta, halafu baadaye hawawezi kusema walipima wangapi.

DAFTARI NA LILE NENO “JUZI”

Kila mgonjwa ana mstari mmoja, naye anapewa namba, tuseme MK-001. Jina lake linakaa kwenye daftari dogo la pembeni pamoja na namba hiyo, na madaftari mawili hayasafiri kwenye mkoba mmoja. Kwenye kaunta buku mnaandika umri, jinsia, mtaa, tarehe ya kuanza kuugua, tarehe ya kuandikwa, dalili, mahali taarifa ilikotoka, anakoshinda mchana, alikolala usiku 14 zilizopita, walioko nyumbani kwake, kipimo na tarehe yake, na hali yake ya mwisho: yuko nyumbani, amelazwa, amepona, amefariki.

Tarehe mbili zile, ya kuanza na ya kuandikwa, zisichanganywe kamwe. Tofauti yake ndiyo itakayokuambia taarifa zenu zinachelewa siku ngapi.

Shida ni kuipata ile ya kwanza. Pwani hatusemi tarehe, tunasema “juzi”, na juzi yaweza kuwa siku yoyote ya wiki iliyopita. Sikiliza mahojiano ya siku ya Alhamisi:

– Hodi hapa!
– Karibu, mwanangu.
– Shikamoo, bibi.
– Marahaba. Kaa hapo kibarazani.
– Poleni na ugonjwa. Mjukuu homa ilimshika lini?
– Juzi hapa.
– Ijumaa alikwenda msikitini?
– Alikwenda, akarudi mzima. Jumamosi ndo hakwenda chuoni.
– Usiku wa kuamkia Jumamosi alilala vizuri?
– Alilala wapi! Kakohoa usiku kucha. Mwili wa moto tangu magharibi.

Jibu ni Ijumaa jioni. Mhojaji aliyeridhika na “juzi hapa” angeandika Jumanne, siku nne mbele. Kwa mafua, ambayo kutoka mgonjwa mmoja hadi anayemwambukiza hupita siku kama tatu, umekosea kizazi kizima cha maambukizi.

Basi usiulize tarehe, uliza tukio: swala ya Ijumaa, ibada ya Jumapili, siku ya mechi Mkwakwani, msiba wa jirani, siku umeme ulipokatika. Na jihadhari na usiku. Kwa wazee wengi siku huanza magharibi, kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” ni ule ambao kijana angeuita Alhamisi usiku. Neno “kuamkia” linamaliza ubishi.

Majina nayo yana mtego. Mwanamke mmoja ni Mama Asha kwa jirani, Mwanaidi kwenye kadi ya zahanati, na jina la mume kwenye bima. Akionekana sehemu tatu atahesabiwa watatu. Kabla ya kufungua mstari mpya, linganisha umri, nyumba na tarehe ya kuanza kuugua na mistari ya siku 14 za nyuma. Dakika mbili tu.

MACHO MENGINE MTAANI

Wengi hawafiki zahanati, kwa hiyo msitegemee zahanati peke yake. Duka la dawa huona mlipuko mapema zaidi. Kubalianeni na maduka mawili au matatu, yaleyale kila wiki, yawaambie wameuza chupa ngapi za dawa ya kikohozi na pakiti ngapi za parasetamo. Hamhitaji majina ya wanunuzi. Swali la kuongeza kila mara ni “dawa iliisha lini?” Duka likiishiwa Jumatano, mauzo yatashuka Alhamisi na mtadhani ugonjwa umepoa.

Shule ina rejista ya mahudhurio, na rejista ni hazina. Chukueni asilimia ya wasiofika darasa kwa darasa, mlinganishe na wiki nne za nyuma, siku kwa siku: Jumatatu kwa Jumatatu, Ijumaa kwa Ijumaa. Siku ya mvua kubwa iacheni kabisa. Darasa moja likiruka kutoka 6 kwa mia hadi 20 kwa mia huku mengine yametulia, nendeni mkaulize hilo darasa.

Misiba ni chanzo kizito zaidi, tena ndicho kinachohitaji ulimi mtamu. Msihesabu mazishi, hesabuni vifo vya wakazi wenu, kwa tarehe ya kufa. Maiti nyingi za Tanga mjini husafirishwa kwenda kuzikwa Lushoto, Korogwe au Muheza, na watu waliofia Dar es Salaam huletwa kuzikwa nyumbani. Ukisimama makaburini ukahesabu majeneza, utawakosa wako na kuwachukua wa wengine. Pitieni vibali vya mazishi kwa mtendaji, maimamu na makanisa, kisha mlinganishe na miezi kama hiyo ya miaka mitatu iliyopita. Msimwulize mfiwa kabla ya siku tatu kupita. Vifo huchelewa nyuma ya wagonjwa kwa wiki mbili hadi nne, basi visiwe ndiyo king’ora chenu cha kwanza. Kazi yake ni kuwaumbua pale ambapo hesabu ya wagonjwa ilikuwa ndogo mno.

Kuhusu hospitali ya Bombo: ni ya rufaa ya mkoa, hupokea wagonjwa wa wilaya zote. Vitanda vikijaa Bombo haina maana Tanga mjini ndiko kunakowaka. Ulizeni wagonjwa wanakotoka kabla ya kuingiza namba hiyo popote.

Kupima majitaka kutafuta virusi, kunakofanywa na miji yenye mabomba kila nyumba, tuuache. Sehemu kubwa yetu tunatumia vyoo vya shimo na makaro.

KUWAFUATA WALIOKUWA NAYE

Kwa kila aliyethibitishwa, na kwa kila mhisiwa mwenye hali mbaya, tengenezeni orodha ya watu aliokuwa nao karibu: chini ya mita moja kwa zaidi ya dakika 15, au wanaolala nyumba moja. Anzieni siku mbili kabla ya dalili, kwa sababu UVIKO-19 ulitufundisha kwamba mtu huambukiza kabla hajajijua.

Mfuate kila mmoja mpaka mwisho wa muda ambao virusi huweza kujificha mwilini. Kwa UVIKO-19 ni siku 14, ingawa wengi waliugua siku ya tano au ya sita, na kwa Omikroni, aina yake ya baadaye, kama siku ya tatu. Mafua hujitokeza ndani ya siku 1 hadi 4. Simu moja kwa siku yatosha: una homa, unakohoa, unahema vizuri?

Fanyeni hesabu ya nguvu zenu. Simu ya dakika tano kwa watu 20 ni saa moja na dakika 40. Wagonjwa wapya watatu kwa siku, kila mmoja na watu 10, kwa siku 14, ni watu 420 kwa wakati mmoja. Mtu wa simu mmoja hawezi, atakachofanya ni kuweka alama za vyema za uongo. Kabla ya kufika hapo punguzeni kwa makusudi: bakini na wa nyumba moja, wazee, wenye kisukari au presha, na wahudumu wa afya. Wengine wapewe maelekezo na namba ya kupiga.

Kuna upande wanaousahau wengi, wa kurudi nyuma: yeye aliupata wapi? Makadirio mengi ya UVIKO-19 yalionyesha kwamba asilimia 10 hadi 20 ya wagonjwa ndio waliosababisha karibu asilimia 80 ya maambukizi. Wengi hawamwambukizi mtu, wachache huambukiza ukumbi mzima. Ukirudi nyuma ukakuta wagonjwa wanne walikuwa kwenye shughuli moja ya arusi, umepata mti wenyewe, si majani yake. Ulizeni kwa majina ya mahali: soko la Mgandini, mnada wa samaki Deep Sea, gari gani, msiba wa nani, kisomo kipi, ofisi gani yenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa.

WAGENI

Tanga ni ya waja leo waondoka leo, na msemo huo humuumiza kichwa mfuatiliaji. Mpaka wa Horohoro uko kilomita kama 65 tu, basi za Dar es Salaam na Arusha zinashusha Kange, vyombo vinatoka na kuingia Pemba, meli bandarini. Mgeni huugua, hulala siku mbili kwa shangazi, huondoka, na hakuna aliyemwandika. Shangazi akiugua wiki inayofuata anaonekana kama ndiye wa kwanza.

Dawa ni lile swali la usiku 14. Mgonjwa aliyelala nje ya eneo wakati wa kuambukizwa aandikwe “wa kutoka nje”, apakwe rangi yake kwenye mchoro. Mwanzoni karibu wote watakuwa wa rangi hiyo. Wiki mtakayoanza kuona wagonjwa wasiosafiri na wasiomjua msafiri yeyote, ugonjwa umeshakaa mtaani, na taarifa hiyo ipelekwe siku hiyohiyo bila kungoja Jumatatu.

MCHORO NA HESABU

Fungueni daftari la miraba. Chini andikeni tarehe, mraba mmoja siku moja. Kila mgonjwa ni mraba mmoja, unapandishwa juu ya tarehe aliyoanza kuugua, hata kama habari zake mmezipata leo. Ndiyo, maana yake mtakuwa mnarudi kujaza siku za nyuma kila jioni. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwa sababu hiyo siku za karibuni daima zitaonekana chache. Hili ndilo kosa linalofanywa kila mahali: mtu anaona mchoro umeinama upande wa kulia, anatangaza ugonjwa unaisha. Angalieni wagonjwa wenu wa mwezi uliopita, kutoka kuanza kuugua hadi kuandikwa zilipita siku ngapi? Kama robo tatu waliandikwa ndani ya siku sita, basi siku sita za mwisho ziwekeni kivuli cha penseli, msizitumie kwenye hesabu yoyote.

Baada ya hapo jumlisheni kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, msishughulike na ya siku moja moja. Zahanati Jumapili hazina watu, Jumatatu zinafurika. Kisha gawanyeni wiki hii kwa iliyopita. Mfano wa kubuni: wiki nne zina wagonjwa 6, 10, 17, 29. Kila wiki ni kama mara 1.7 ya iliyotangulia. Kwa kasi hiyo wagonjwa huongezeka maradufu kila siku 9. Uwiano wa 1.25 ni maradufu kwa siku kama 22, wa 1.5 siku 12, wa 2 siku 7, wa 3 siku nne na nusu. Nakilini namba hizo ndani ya jalada.

Mkitaka kujua mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi, mnahitaji pia siku zinazopita kati ya mgonjwa na anayemfuata. Kwenye kikokotoo cha simu pandisheni uwiano wa wiki kwa kipeo cha siku hizo zikigawanywa kwa 7. Kwa UVIKO-19 wa mwanzo, siku 5: 1.7 kwa kipeo cha 5/7 ni karibu 1.46. Kwa mafua, siku 3, uwiano uleule unatoa 1.26 tu. Ikishuka chini ya 1 mlipuko unapungua. Ni kadirio, nalo huharibika mkiongeza bidii ya kutafuta wagonjwa katikati ya wiki.

Namba ndogo zisiwatie kiwewe wala furaha. Kutoka 3 kwenda 6 si maradufu ya kuitisha mkutano. Kwa kukadiria, chukua kipeuo cha pili cha idadi, yaani ile namba ambayo ikizidishwa yenyewe inatoa idadi hiyo, uzidishe kwa 2: wagonjwa 9, kipeuo ni 3, basi 9 ingeweza kuwa 3 au 15 kwa bahati tu. Wagonjwa 100 wanayumba kati ya 80 na 120. Mtaa ukiwa na chini ya 10 kwa wiki, unganisheni wiki mbili.

Kulinganisha mitaa, gawanyeni wagonjwa kwa watu wa mtaa, zidisheni kwa 10,000. Na mkiweka vitone kwenye ramani, kumbukeni kitone kinaonyesha anakolala. Vitone vingi Makorora vinaweza kuwa vya wapakuaji walioambukizana bandarini. Ndiyo sababu ya safu ya “anakoshinda mchana”.

VIPIMO

Kuchukua sampuli ya pua ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa vya kujikinga, si ya timu ya mtaa. Jueni tu mambo mawili. Sampuli ya kwenda maabara hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikikaa joto la Tanga nusu siku kwenye kasha lisilo na barafu, jibu la “hana” halina uzito. Vipimo vya haraka navyo hufanya vizuri siku tano hadi saba za mwanzo. Anayepimwa siku ya kumi akakutwa hana huenda aliugua kwelikweli.

La pili ni asilimia ya waliokutwa nao. Wiki iliyopita walipimwa 40, wakakutwa 10. Wiki hii wamepimwa 15, wamekutwa 6. Atakayesoma waliokutwa tu atasema wamepungua. Kumbe ni kutoka asilimia 25 hadi 40: vipimo vimepungua, ugonjwa hapana. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitumia kigezo cha chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili kama mojawapo ya dalili kwamba mlipuko umedhibitiwa. Ikiwa juu ya hapo sana, jueni kuna wengi msiowaona.

SIRI, NA KULIFUNGA DAFTARI

Mtaani mtu mmoja akionekana kavaa kizibao cha afya mlangoni kwa jirani, habari imefika sokoni kabla hajatoka. Nendeni na nguo za kawaida, pitieni pia nyumba zisizo na mgonjwa, zungumzeni kibarazani hewa inapopita lakini kwa sauti ya chini. Msipige picha ya daftari. Ramani ya vitone isitoke nje ya timu. Ya kuonyesha watu iwe ya idadi kwa mtaa, na mtaa wenye wagonjwa chini ya watano uunganishwe na wa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na ndivyo zilivyo hata bila sheria. Nyumba moja ikisemwa hadharani, nyumba kumi zinazofuata zitajibu “hatuna mgonjwa” huku mtu anakohoa chumbani.

Taarifa ya Jumatatu iwe ukurasa mmoja: wagonjwa wa wiki kwa tarehe ya kuanza kuugua, uwiano na wiki iliyopita, waliopimwa na waliokutwa, waliolazwa, waliofariki, wa kutoka nje, na mstari mmoja wa kinachowatia shaka. Mkikosa mgonjwa andikeni sifuri. Taarifa isiyokuja na taarifa ya sifuri ni vitu viwili tofauti.

Wiki ya kwanza ya sifuri msilifunge daftari. Ngojeni mara mbili ya muda mrefu wa virusi kujificha mwilini, yaani siku 28 kwa UVIKO-19, mkiendelea kuuliza madukani na shuleni kama kawaida. Zikipita, daftari la miraba na kaunta buku vikabidhiwe kwa mratibu kwa maandishi. Lile dogo la majina lisirudi nyumbani kwa mtu: likabidhiwe kwa mkono kwenye bahasha iliyofungwa, au lichomwe mbele ya mtendaji na mashahidi wawili, kama mlivyokubaliana na ofisi ya Mganga Mkuu siku ya kwanza.